Mke Mwenza wa Penseli

Jina lake Shaweji. Fundi wa saa.
Alizaliwa ukurasa wa thelathini na moja,
mlangoni, mvua ikimchuruzika kofiani,
akasema, "Samahani, nimekosea nyumba."
Nami hapa Langoni, juu ya mkeka,
nikajibu kwa sauti: "Hukukosea."

Mama akaita toka jikoni:
"Wanena na nani?"
Na sindano, mama.
Kwani mapajani nilikuwa na kofia ya vito,
ya watu, ya kulipwa,
na kitabu chini yake kimejibanza kama mwizi.

Nilikipata Mkunguni kwa shilingi thelathini,
kapuni mwa mitumba, katikati ya soksi zisizo wenza.
Hakina jalada. Sijui aliyekitunga
wala sitaki kumjua:
mchumba haulizwi kiwanda alichotoka.

Uso hana.
Tumeambiwa tu kwamba mkono wa kushoto ndio wa kazi
na kwamba akiwaza hupuliza vidole
kana kwamba ameunguzwa na chai.
Mengine nimeyajaza mwenyewe.
Sauti nimempa ya mwalimu wangu wa jiografia,
shingo ya mchukuzi niliyemwona mara moja gatini,
harufu ya mafuta ya cherahani, na hiliki kidogo.

Ikaja posa. Mtoto wa Mzee Lali, wauza simiti.
Kijana mzuri, sikatai,
punda wake wamenona na hawapigi.
"Ana kasoro gani?" mama akauliza.
Ningesema nini?
Kwamba yupo?
Kwamba akikohoa, nasikia?
Kwamba Shaweji hubisha hodi mara tatu kisha husubiri,
hata mlango ukiwa wazi?

Ukurasa wa themanini na nane ndipo nilipowafumania.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko uliolala upande,
wa mwanamke, sina shaka:
*Mwongo huyu. Lakini wangu.*

Wangu!
Sindano ikanichoma,
tone la damu likatua juu ya neno "saa".
Nikarudi nyuma, nikapekua
kama mke apekuavyo mifuko ya kanzu.
Kila alipocheka, mstari.
Kila alipovua viatu, mstari.
Na pale alipougua homa, siku nne, sura nzima,
mwenzangu kamwandikia dawa:
*Mchaichai. Asioge maji ya baridi.*

Hapo chuki ikanitoka.
Mimi nilikuwa nimefikiria tangawizi.

Tangu hapo nikawa namsoma yeye, yule wa penseli.
Hapa ulilia? Hapa je?
Nani alikuoa, na alijua?
Kitabu kilikutokaje mkononi:
uliuza, uliibiwa, ulihama,
au walikusanya vitu vyako baada ya matanga
wakavitia kapuni pamoja na soksi?

Ukurasa wa mia mbili na sita
penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka:
*Dada, ishia hapa.
Mwache anakunja shati. Angali hai.*

Kurasa zilizobaki ni kumi na tisa.
Nimezipima kwa kidole gumba, unene wa biskuti.
Usiku mmoja nikazishika, nikaziachia,
nikazishika.
Kisha nikakata uzi wa kofia, mweupe, ule ule wa watu,
nikazishona pembezoni, tundu kwa tundu,
kama nishonavyo vito.
Mama akasimama juu yangu akatazama.
Hakuuliza kitu. Akainama, akaonyesha kwa ukucha:
"Hapa uzi umelegea."

Sasa kitabu kiko kidakani, nyuma ya bakuli la buluu,
na ndani yake mtu anakunja shati
kwa mkono wa kushoto,
taratibu, hana haraka ya kufa.

Mtoto wa Lali nilimwambia aje Ijumaa, baada ya alasiri.
Nikamwambia abishe hodi mara tatu, kisha asubiri.

Alibisha mara mbili,
akakohoa.
Nilisikia.